Chiriku na Kereng'ende

Jumatatu, 3 Februari 2025. Mwanza

Mjukuu kapiga simu saa tatu usiku. Shikamoo yake haijapoa, kashaingia kwenye shida. Mwalimu wao wa mitambo amewagawia kila mmoja ndege ya zamani, aeleze ilivyozaliwa tangu karatasini mpaka angani. Yeye kaangukiwa na ndege ya kivita ya Waingereza iitwayo Siskin. "Babu, wenzangu wamepata za jeti. Mimi nimepewa ya vitambaa."

Nimecheka mpaka bibi yake akaja kuuliza kuna nini.

Siskin ni ndege mdogo wa Ulaya, manjano na kijani, jamaa wa chiriku. Kwetu neno ni moja, ndege wa mtini na ndege ya fundi, kwa hiyo jina hilo halina ajabu. Nimemwambia aje mwisho wa mwezi, atakuta nimemwandikia. Sikumwambia kwamba nimefurahi. Tangu Jumuiya ilipovunjika 1977, na sisi mafundi wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki tukarudi kila mtu kwao, hakuna aliyewahi kuniuliza habari za injini ya silinda kumi na nne. Huku nyumbani nimeulizwa za mitumbwi na mashine za kusaga.

Jumatano, 5 Februari

Nianzie nyuma kidogo, maana bila hapo hataelewa Siskin ilikuwa inakimbia nini.

Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa angani kwa injini za ajabu. Silinda zimepangwa duara kama spoki za baiskeli, sawa, lakini krenki imefungwa kwenye fremu haisogei. Kinachozunguka ni injini yenyewe, silinda zote, pamoja na rafadha. Faida yake: zinapozunguka zinajipepea zenyewe, hazihitaji maji wala rejeta, uzito unapungua. Hasara yake: rubani amefungwa nyuma ya pia kubwa la chuma. Ukilitazama pia la mtoto likizunguka, jaribu kulisukuma, halielekei unakolisukuma. Ndege ya namna hiyo ilikata kona upande mmoja kama umeme na upande wa pili kwa kubembelezwa. Mafuta yalikuwa ya mbarika, yanatupwa nje kila mzunguko na kumrudia rubani usoni.

Kisha kuna ukomo. Ukitaka nguvu zaidi unaongeza uzito unaozunguka, na pia linakuwa kali zaidi. Bentley BR2, iliyokuwa kwenye Sopwith Snipe mwaka 1918, ilitoa kama nguvu za farasi 230, na hapo ndipo aina hiyo ilipofikia mwisho wake.

Jibu lilikuwa kuzifunga silinda zisitembee, krenki ndiyo izunguke. Duara lile lile, lakini sasa injini inakaa kimya mahali pake. Ndiyo radiali. Inaonekana jambo dogo, kana kwamba umegeuza shati tu. Lakini silinda ikishasimama imekosa upepo wake wa bure. Sasa itapoaje? Miaka kumi ya kazi ya watu wazima imo ndani ya swali hilo.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani asubuhi, sato mchana, na jioni nzima nimekaa na Kereng'ende.

ABC Dragonfly, yaani kereng'ende, yule mdudu wa mabawa manne anayeelea juu ya maji. Aliyeibuni ni Granville Bradshaw wa kampuni ya ABC, Uingereza. Silinda tisa katika safu moja. Kwenye karatasi ilikuwa mchumba asiye na dosari: nguvu za farasi 340 kwa uzito wa kilo 270 hivi, vipande vichache, rahisi kutengenezwa hata na viwanda visivyojua injini za ndege. Vita vilikuwa vinaendelea, na wakubwa walikuwa wamechoshwa na utitiri wa injini za kila aina. Sir William Weir, aliyesimamia ununuzi wa zana za anga, aliona hii ndiyo itakayomaliza maneno. Zikaagizwa injini 11,050 kwa viwanda kadhaa, kabla injini hiyo haijathibitishwa.

Nimeiandika namba hiyo mara mbili nihakikishe mkono haukuteleza. Elfu kumi na moja na hamsini.

Kizazi kizima cha ndege kilichorwa kuizunguka injini hiyo: Nighthawk ya Nieuport, Dragon na Snark za Sopwith, Basilisk ya BAT, Weasel ya Westland. Na Siskin, iliyotoka kwa Siddeley-Deasy wa Coventry, ikaruka 1919 na Kereng'ende puani. Kila mmoja alikuwa anashona kanzu kwa kipimo cha bwana harusi ambaye hajamwona.

Bwana harusi akafika. Kwanza, ni mzito kuliko alivyosemwa na hana nguvu alizoahidi. Za farasi hazikufika hata 300. Pili, anachemka. Bradshaw alikuwa amezipaka silinda za chuma shaba nyekundu ili joto litoke, kwa sababu shaba husafirisha joto vizuri. Shaba husafirisha, ni kweli. Lakini ukipaka sufuria shaba kwa nje, moto wa ndani bado unapaswa kwanza kupita kwenye chuma, na mapezi yenyewe yalikuwa haba.

La tatu ndilo lililomaliza kesi. Krenki ilikatika. Si moja, si kwa bahati mbaya. Zilikatika baada ya saa chache za kazi.

Hapa lazima nimweleze mjukuu taratibu. Krenki unaiona pande la chuma gumu, lakini kwa injini ni spiringi. Kila silinda inapolipuka inaisokota kidogo, halafu inajirudi. Kila spiringi ina mwendo wake wa asili wa kwenda na kurudi, kama bembea. Mtoto akiwa kwenye bembea na wewe unamsukuma ovyo, hafiki mbali. Ukimsukuma kila anaporudi, kwa kidole tu, baada ya dakika yuko juu ya mti. Milipuko ya Kereng'ende, katika ile kasi hasa iliyokusudiwa kufanyia kazi, iliisukuma krenki kila inaporudi. Siku hizo hakuna aliyeielewa vizuri hesabu hiyo. Bradshaw aliitua injini yake juu ya mtetemo wake kama mtu anayejenga nyumba juu ya kichuguu cha siafu usiku wa giza.

Na haikuwa na dawa. Ukipunguza mwendo uukwepe mtetemo, nguvu zinapotea. Ukiongeza mwendo uuruke, inachemka.

Jumatatu, 10 Februari

Nimempigia nikamsomea. Kanikatiza: "Kwa hiyo Bradshaw alikuwa tapeli, babu."

Hapana. Ndiyo maana nataka jambo hili liandikwe vizuri. Kila mchoraji wa injini duniani anaiona injini yake nyepesi kuliko itakavyokuwa. Hiyo ni kama mama na mwanawe. Kazi ya mnunuzi ni kusema: washa, iungurume saa mia moja mbele yangu, halafu tuzungumze bei. Aliyetia saini elfu kumi na moja ndiye ninayemtazama mimi.

Nikamkumbusha pampu. Yeye hakuwa amezaliwa. Miaka ya themanini ofisi moja, jina siliandiki hata humu, iliagiza pampu thelathini za kumwagilia kwa kutazama picha. Nikaitwa kuifunga ya kwanza kijijini. Ikiwa na mwendo mdogo imetulia. Ikifika mwendo wa kazi, gilasi ya chai iliyo kwenye meza ya mwenyekiti inatembea yenyewe mpaka ukingoni na kuanguka. Zilikuwa hivyo zote thelathini. Tulibadilisha puli, zikazunguka polepole, maji yakatoka nusu ya yaliyoahidiwa. Sikumlaumu aliyeichora.

Kwa Waingereza, silaha zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918, na agizo likakatwa. Injini zilizokwisha kutengenezwa zilikuwa zaidi ya 1,000. Vita vingeendelea hadi majira ya kiangazi ya 1919, vikosi vyao vingepokea ndege mpya nzuri zenye injini zisizomaliza wiki.

Ijumaa, 14 Februari

Umeme umekatika tangu saa kumi. Naandika kwa taa ya simu.

Wakati Kereng'ende akitangaziwa ndoa, injini nyingine ilikuwa imefungiwa stoo. Hii ndiyo sehemu niipendayo.

Kule Farnborough, kwenye kiwanda cha ndege cha serikali, Profesa A. H. Gibson na kijana mhandisi Sam Heron hawakuchora injini kwanza. Walichukua silinda moja. Wakaipuliza hewa, wakaiwasha, wakapima joto lake hapa na pale, wakabadilisha, wakapima tena. Walichogundua kinasikika leo kama uji wa mgonjwa: kichwa cha silinda kiwe cha aluminiamu, mapezi yawe mengi na membamba, valvu ziinamishwe ili hewa ipate njia ya kupita katikati yake. Basi. Lakini kila injini ya kupozwa kwa hewa iliyofanya kazi ya maana baadaye imepita kwenye mlango huo.

Kutokana na vipimo hivyo ikachorwa RAF 8, silinda kumi na nne, safu mbili za saba saba, moja nyuma ya nyingine. Mwaka 1917 mhandisi mkuu Meja F. M. Green alihamia Siddeley-Deasy, Heron akafuata, na mchoro ukaenda nao. John Siddeley, mwenye kiwanda, alikuwa na injini yake ya maji, Puma, inayomwingizia fedha. RAF 8 ikawekwa pembeni. Heron naye aligombana na Siddeley akaondoka, akaishia Marekani. Huko ndiko alikotengeneza valvu yenye sodiamu ndani yake, inayoyeyuka na kuchezacheza ikibeba joto kutoka kichwani kwenda shinani. Lindbergh alipovuka Atlantiki 1927, silinda za injini yake, Whirlwind, zilikuwa na alama za mkono wa Heron. Siddeley alifukuza lulu. Au lulu ilijifukuza. Waliomjua Heron wanasema ulimi wake haukuwa na kifuniko.

Kereng'ende alipokufa, Siskin ikabaki na mwili mzuri na pua tupu. Marubani waliokuwa wameirusha walisema yenyewe haina neno, inatii mkono. Ndipo kiwanda kikakumbuka stoo. RAF 8 ikatolewa vumbi, ikarekebishwa, ikapewa jina la paka mkubwa wa Amerika: Jaguar. Kampuni sasa iliitwa Armstrong Siddeley, na tangu hapo ikawa na mtindo wa kuziita injini zake majina ya wanyama wawindaji. Lynx ilikuwa nusu ya Jaguar, safu moja ya silinda saba. Baadaye akaja Cheetah, duma wetu.

Siskin yenye Jaguar iliruka 1921.

Jumamosi, 15 Februari

Mvua. Goti. Sikuandika kitu.

Jumatano, 19 Februari

Mwili wenyewe sasa, maana mjukuu alisema "ya vitambaa".

Kitambaa ni ngozi tu. Siskin ya kwanza mifupa yake ilikuwa ya mbao, lakini Wizara ya Anga ya Uingereza ilikwishaona kwamba vita vikirudi mbao nzuri zitaadimika, tena mbao hazilingani: mti mmoja si mti mwingine. Ikataka chuma. Green na mwenzake John Lloyd wakaichora Siskin upya, mbavu na mihimili ya bawa ikiwa ya bapa nyembamba za chuma kigumu zilizokunjwa na kuunganishwa, halafu kitambaa juu yake. Bapa ya chuma ukiishika mkononi inalegea kama ukindu. Ikunje mifereji kwa urefu, itabeba mtu. Ukindu nao ni hivyo, kila anayesuka mkeka anajua.

Siskin III hiyo iliruka Mei 1923, na Mei 1924 ikaingia Kikosi nambari 41, Northolt, kuchukua nafasi ya Snipe za mafuta ya mbarika. Ilikuwa ndege ya kwanza ya kivita ya mifupa ya chuma katika jeshi la anga la Uingereza. Bawa la juu kubwa, la chini dogo, nguzo kati yake zimeshonwa kama herufi V. Bunduki mbili za Vickers mbele ya rubani. Sura haina uzuri. Silinda kumi na nne zimetokeza puani kama maembe kwenye tenga, hazina kifuniko. Mimi naipenda hivyo hivyo. Injini iliyo wazi huambiwi ina nini, unaiona.

Jina lake lilikwishatoka kwenye mashindano ya Kombe la Mfalme: Frank Courtney alishinda kwa Siskin 1923, na Frank Barnard 1925.

Kilichofuata kilikuwa supachaja. Ukipanda juu hewa inakuwa chache, injini inahema kama mzee kwenye ngazi za hospitali ya Bugando. Supachaja ni feni inayozungushwa kwa gia na krenki yenyewe, inashindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Jaguar ndiyo injini ya kwanza ya ndege kutolewa kiwandani kwa wingi ikiwa na feni ya namna hiyo. Siskin IIIA iliyoibeba iliruka Oktoba 1925, ikaingia kikosini 1926, ikakimbia kama kilomita 250 kwa saa. Viwanda vya wenzao, Bristol, Gloster, Vickers na Blackburn, navyo vikapewa kazi ya kuiunda. Zote pamoja zilipita 400.

Kwa kufurahisha watu: mwaka 1930, kwenye maonyesho ya Hendon, Kikosi nambari 43 kiliruka na Siskin tatu tatu zikiwa zimefungwa pamoja kwa kamba, zikipinduka angani bila kuikata. Mjukuu ataipenda hiyo. Aiandike mwishoni mwalimu asije akachoka.

Jumapili, 23 Februari

Nimesita siku nne kuandika hili kwa sababu linaniharibia hadithi.

Jaguar nayo ilitetemeka.

Krenki ya injini ya safu mbili ina viwiko viwili, kimoja kwa kila safu. Katikati yake pangekaa beringi ya kuishikilia. Jaguar haikuwa nayo. Krenki ilishikwa ncha zote mbili na katikati ikaachwa inaning'inia kama kamba ya nguo, na mtetemo wake uliwasumbua mafundi miaka yote. Tofauti na Kereng'ende ni kwamba huo haukuwa mtetemo wa kukata krenki kabla ya chai ya saa nne. Uliweza kuishi nao. Ungeweza pia kuuondoa, nao hawakuuondoa. Walifuata nguvu zaidi na supachaja, beringi ikasubiri injini nyingine.

Nililijua hili kwa mikono kabla sijalisoma. Uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, 1973, mimi mwanafunzi wa miaka ishirini na moja, nilipewa DC-3 kusafisha. Injini zake Twin Wasp, silinda kumi na nne, safu mbili za saba. Mpangilio wa Jaguar kabisa. Fundi mkuu, Mkikuyu mmoja mpole, alitufungulia moja iliyokufa akanionyesha ile beringi ya katikati. "Hii," alisema, "ndiyo inakufanya ulale usingizi." Kila asubuhi kabla ya kuwasha tulizungusha rafadha kwa mkono, panga kwa panga, kwa sababu mafuta hushuka usiku yakajaa kwenye silinda za chini, na mafuta hayashindiliki, ukiwasha tu unavunja kitu. Bega langu la kulia bado linakumbuka. Siskin nazo zingevunjika vivyo hivyo asubuhi ya baridi pale Northolt, na fundi wa huko, na bega lake, alisukuma panga kama mimi.

Kwa hiyo hukumu yangu, na mjukuu akitaka aibishe: Siskin haikuwa ndege bora ya zama zake. Grebe na Gamecock za Gloster ziligeuka vizuri zaidi. Ilikuwa ndege iliyokosea injini mara moja, ikasalimika kwa sababu mahali fulani watu wawili walikuwa wamepima silinda moja bila haraka.

Amepiga simu: basi lake ni Ijumaa.

Ijumaa, 28 Februari

Kafika saa nane, amekonda, kala ugali na dagaa kama aliyetoka jela. Tumeteremka ziwani jioni nikiwa na daftari kwapani. Kasoma karibu yote amesimama.

"Sasa babu, mwisho wake? Ziliishaje?"

Siskin zilianza kupisha Bulldog ya Bristol 1929, na Kikosi nambari 56 kikawa cha mwisho kuziacha, Oktoba 1932. Kanada walizishikilia mpaka zilipokuja Hurricane mwaka 1939. Bulldog ilikuwa na Jupiter, radiali ya silinda tisa ya Roy Fedden, ambayo nayo iliponea chupuchupu: kampuni yake, Cosmos, ilifilisika 1920, na Bristol wakaiokota pamoja na mhandisi wake.

Nikamwambia na la leo, nililokuwa nimemwekea. Tarehe kama hii, 28 Februari 1931, Imperial Airways ilianzisha safari ya barua kutoka Croydon, London, na kituo cha mwisho kilikuwa hapa. Mwanza. Baba alikuwa mtoto wa shule; alisema watu walikimbia ufukweni wakidhani ni meli imeota mabawa. Kati ya Cairo na Khartoum mfuko wa barua ulipanda Argosy yenye Jaguar tatu. Kutoka Khartoum ulipanda boti ya kuruka, Short Calcutta, yenye Jupiter tatu, ukashuka juu ya maji haya.

Mjukuu akanyamaza, akitazama ziwa kana kwamba bado kuna kitu juu yake. Halafu akauliza kama anaweza kuliandika hilo kwenye kazi yake au mwalimu atasema nje ya mada.

Nimemwambia aliandike.